Matangazo ya Waliopotezana

Nimefundisha historia miaka mingi, na miaka yote hiyo Marekani kwangu ilikuwa pointi. Sababu za biashara ya utumwa, pointi sita. Athari zake, pointi sita. Mwanafunzi akileta tano namkata, akileta zote namwandikia "vizuri" kwa wino mwekundu. Watumwa walikamatwa, wakavushwa bahari, wakalima pamba na miwa, viwanda vya Ulaya vikanenepa, kengele ikalia, tukaenda kunywa chai. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo, nikakariri, nikafaulu, nikapewa chaki niwakaririshe wengine. Sijivunii, ila sitajificha.

Kilichonitoa huko ni kitabu kisicho na jalada. Shule yetu hapa Tanga mjini ililetewa maboksi ya vitabu vya msaada kutoka Marekani, na anayeijua misaada ya namna hiyo anajua kilichokuwemo: mapishi ya keki, namna ya kulea mbwa, miongozo ya kompyuta zilizokwisha kufa. Mkuu wa shule akasema tuchague vya maana, vilivyobaki vikafungiwe maandazi. Nikakuta kinene kimoja kimeng'oka jalada na kurasa za mwanzo, hata jina lake silijui mpaka leo. Nikakifungua katikati nikiwa nimesimama. Nilipokuja kushtuka, kipindi changu kilikuwa kimekwisha na darasa langu linapiga kelele zinazosikika mpaka barabarani.

Marais hawakuwemo humo, au kama walikuwemo walipita kwa mbali. Walikuwemo watu wa kawaida wakizungumza wenyewe. Wenyeji wa ile nchi wakieleza walivyofukuzwa kwenye ardhi yao, wakatembezwa kwa miguu katika baridi, wazee wakibaki njiani. Vibarua wa Kichina waliopasua milima ili reli ipite. Wasichana wa viwanda vya nguo. Na waliokuwa watumwa, wameshakuwa vikongwe, wakisimulia kilichopikwa, aliyepigwa, aliyeuzwa na siku yenyewe ilivyokuwa. Nilikasirika, wallahi. Kwanza niliwakasirikia walionifundisha, halafu hasira ikanigeukia mwenyewe, maana watu hao walikuwa wamesema siku zote, na mie mwanamke mzima, mwalimu, sikuwahi kuwauliza. Nikaapa kwamba kitabu hiki nitakimaliza, ukurasa kwa ukurasa, hata kinichukue mwaka.

Mama yangu anakaa Tongoni, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, na kila Jumamosi huwa nakwenda kumwangalia. Macho yake hayakamati tena herufi, lakini vidole havijasahau kitu. Kutwa anasuka ukili wa mikeka. Alasiri hukaa barazani na jirani yetu, mwanamke wa Kilutheri ambaye babu yake aliletwa kutoka bara kuja kukata mkonge, akazeeka huku huku. Jirani huyo hana breki mdomoni. Jumamosi ya kwanza niliyokwenda na kitabu, alinitazama weee, kisha akasema, "Mwalimu, unasoma nini hata salamu hutuitikii?"

"Historia ya Marekani."

"Ala! Ya kwetu umeshaimaliza?"

Mama akacheka, akasema, "Hebu tusomee na sie, tusikie wenzetu yamewafika yapi."

Kiingereza hawakijui. Basi nikafanya kama maalim anavyofanya kwenye darsa msikitini: unasoma kipande, unafasiri, unasoma kipande kingine. Mama amehudhuria darsa tangu usichana wake, adabu zake anazijua. Hakatizi mpaka kipande kimefasiriwa. Lakini kikishafasiriwa, jamani! Wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza maswali kama yale. Nilipowasomea habari za wale waliofukuzwa kwao, mama aliuliza, "Na makaburi yao waliyaacha na nani?" Nikapekua kurasa mbele na nyuma. Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema, "Basi na chenyewe kina upungufu, usikiamini chote." Mimi na shahada yangu nikafungua ukurasa mwingine.

Tulikwenda hivyo Jumamosi kadhaa. Jirani akawa anafika kabla hajaitwa, na ukindu wake mwenyewe, akilalamika kwamba nasoma polepole.

Siku ile tulifika kwenye matangazo. Kitabu kilieleza kwamba utumwa ulipokwisha kule, watu walioachwa huru walianza kutafutana kwa magazeti. Mwenye mke aliyeuzwa, mwenye mtoto aliyechukuliwa, wote walipeleka matangazo, na wasiojua kuandika waliandikiwa. Nikaanza kuwafasiria. Mmoja alikuwa mwanamke aliyetenganishwa na mama yake angali mdogo. Alieleza mama huyo alikuwa na rangi gani, kovu lake lilikuwa mkono upi, walikuwa wangapi siku walipouzwa na kila mmoja alikokwenda. Kisha akawaomba wachungaji wamsomee tangazo lake makanisani.

Jirani akaacha kusuka. "Na akipatikana, apelekwe wapi?"

Aliuliza kwa dhati kabisa, kama tunavyouliza kikipita kipaza sauti kutangaza mtoto aliyepotea sokoni. Nikacheka. Nikamwambia, "Mama wee, hao wameshakufa zamani. Tangazo hilo lina zaidi ya miaka mia."

Nilitegemea mama naye acheke. Hakucheka. Ukili ulikuwa umemlalia mapajani na vidole vimesimama, na katika maisha yangu nimeviona vidole vile vikisimama kwa swala na kwa msiba tu.

"Bibi yangu alikuwa akiuliza hivyo hivyo," akasema.

"Bibi yupi?"

"Mzaa mama."

Nina umri wa kuwa na wajukuu, na sikuwa nimewahi kumsikia huyo bibi. Babu zetu wa upande wa baba nawajua mpaka wa saba, nimekaririshwa kama pointi. Upande wa mama hadithi iliishia kwa nyanya yangu, basi, na wala sikuwahi kuona ajabu.

Mama akasimulia akitazama chini. Bibi yake aliletwa Pangani kutoka bara akiwa mtoto, kwenye msafara, yeye na mama yake. Njiani wakagawanywa. Mama mtu akapelekwa upande usiojulikana, mtoto akauzwa Pangani, akakulia kwenye shamba la watu. Baadaye utumwa ukapigwa marufuku, akaolewa, akazaa. Lakini hakuacha kumtafuta mama yake. Yalipokuja mashamba ya mkonge na malori yakaanza kushusha vibarua kutoka bara, ajuza yule alikuwa kila akisikia lori limefika, anajitanda kanga yake, anakwenda kambini. Anasimama mbele ya wageni hata hawajatua mizigo, anawauliza: mnatoka upande wa mto gani? Kwenu kuna mwanamke mfinyanzi, ana mwanya, aliibiwa binti? Jina la mto alikuwa analijua. Hilo, na ufinyanzi, na mwanya. Hakuwa na kingine.

"Watu walimcheka," mama akasema. "Mama yake angekuwa hai angekuwa na miaka zaidi ya mia. Alijua. Alikuwa akienda tu."

Jirani akasema polepole, "Labda alimuuliza babu yangu."

"Labda," mama akamjibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono, kwa sababu macho yake yalikuwa kama haya yangu sasa. Nilikuwa na miaka minane, tisa hivi. Siku moja tukakuta wenzangu wa chuo cha Kurani wametumwa duka la kambini. Mnyapara akauliza, huyu kikongwe ni wa nani? Wenzangu wakanitazama. Nikasema simjui. Nikasema nimemkuta njiani."

Jirani akamsogelea mama.

"Alisikia. Masikio yalikuwa mazima. Hakunikaripia wala hakunisemea kwa mama. Ila tangu siku hiyo alikwenda peke yake, akipapasa, mpaka alipokufa."

Mama akafuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha akanyoosha mgongo, na nikaiona sura ninayoijua tangu utoto, ile ambayo ukiiona unaacha kubishana. "Kila Shaaban tunasoma hitima ya wazee. Maalim analetewa orodha, anawataja wafu wetu kwenye dua, mmoja mmoja, mpaka mashangazi wa mashangazi. Yeye hajatajwa hata mara moja. Nami nakaa pale naitikia amina. Mwaka huu asomwe. Asomwe kwa jina lake, na watu wajue kuwa ni wangu. Sitaki kuingia Ramadhani nyingine na hili kifuani."

Nikamwambia, "Atasomwa." Nilisema kwa wepesi, kana kwamba orodha ilikuwa mikononi mwangu.

Orodha iko kwa kaka yangu mkubwa. Tangu baba afariki yeye ndiye mwenye daftari la marehemu, ndiye anayezungumza na maalim, ndiye anayekaa mbele. Ni mtu mwema, nisimsingizie. Lakini ni mtu wa watu watasemaje. Na mwaka ule alikuwa na lake: binti yake alikuwa ameposwa na kijana wa familia inayojiheshimu pale mjini, posa bado haijajibiwa rasmi, na familia hiyo ilikuwa imealikwa kwenye hitima. Kwetu huku watu wanaswali safu moja na kula sinia moja, lakini siku ya posa wanaanza kuulizana kwa chini chini, hawa asili yao wapi?

Nilipomweleza, kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mdogo wangu, unataka kutuvua nguo mbele za wakwe?"

"Mama ndiye anataka."

"Mama kakaa na siri hiyo miaka sabini. Wewe umekuja na kitabu chako cha Marekani, umemvuruga. Mambo ya Marekani yanatuhusu nini?"

Hapo damu ikanichemka. Nikamwambia, "Yanatuhusu kwa sababu kule mjukuu wa mtumwa anasimama na kusema bibi yangu aliuzwa, wala haoni haya, haya wanaachiwa waliouza. Na sisi huku, ambao bibi zetu waliuzwa hapa hapa nyumbani, tunaficha mpaka makaburi. Miaka yote nafundisha watoto kwamba watumwa walivushwa bahari. Kumbe wengine walibaki hapa hapa wanatulea, na hatuwatii hata kwenye dua!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

Tulinuniana wiki mbili. Mama hakuingilia. Alichofanya ni kukataa kusikiliza kitu kingine chochote kitabuni. Nikimfungulia habari za migomo ya viwandani, anasema, "Nisomee ya wanaotafutana." Nikamsomea yote yaliyokuwemo, nikarudia. Siku moja akauliza kama kuna waliopatana. Nikamwambia wachache sana. Akasema, "Alhamdulillahi, hata hao," akaendelea kusuka.

Shuleni nako sikuweza kurudi kwenye pointi zangu kama zamani. Niliwaandikia kidato cha pili zile sita, maana mtihani ni mtihani na mimi si mwendawazimu. Kisha nikawaambia ya saba wakaitafute nyumbani kwao: waulize nani aliletwa, kutoka wapi, na kwa nini hasemwi. Mwenzangu mmoja wa idara akanionya kwamba nachokoza nyuki. Nikamwambia nyuki hao wameshaniuma.

Siku chache kabla ya hitima, kaka akanipigia simu. Akasema kwa mkato, "Nimemtia." Nilimshukuru mpaka machozi. Nikampigia mama, naye akaniuliza kama nitakuja mapema kuosha mchele. Nilijua amefurahi. (Majina sitayaandika humu, la bibi wala la yeyote kati yetu. Kaka ameniomba, na hilo moja nimemkubalia.)

Hitima ikafika. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake uani, katikati pazia la kanga mlangoni. Jirani yetu wa Kilutheri alikuwa jikoni tangu asubuhi akiamrisha kila mtu kuhusu chumvi. Mama yake kijana mposaji alikuwa amekaa karibu na ukuta, mwanamke wa makamo, mkimya, kavaa vizuri. Nilikuwa nimempa mto wa kuegemea. Msahafu ukasomwa ukaisha, dua ikaanza, maalim akafungua orodha.

Akataja, tukaitikia. Akataja, tukaitikia. Mama alikuwa ameinama, midomo inakwenda. Kisha maalim akalitaja jina la bibi, nami nikamshika mama mkono. Na maalim akaendelea: binti wa fulani. Akalitaja jina la mtu wa ukoo wa baba yetu, mtu mkubwa, mwenye kaburi la mawe ambalo wageni huja kulipiga picha.

Nikaelewa. Kaka alikuwa amemtia kweli, lakini amemzulia baba. Amemsafisha ndipo akamwingiza. Nikaanza kuinuka, na ningefika pale mlangoni sijui ningesema nini. Mama akanikandamiza goti. "Kaa," akasema. "Si wewe uliyemkana, ni mimi."

Akainuka yeye. Sijawahi kuona mwanamke akikatiza dua, na sidhani kama mtu yeyote pale uani alikuwa amewahi. Alikwenda akishika ukuta, akafika mlangoni, akalisogeza pazia.

"Maalim, uniwie radhi. Hapo rudi."

Maalim akanyanyua macho kwenye orodha. Ni mzee mpole, amemzika baba. "Nirudi wapi, mama?"

"Hapo kwa bibi yangu. Huyo baba uliyemtaja si wake." Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. "Baba yake hatumjui. Aliletwa Pangani mtoto mdogo, akauzwa. Ni bibi yangu mimi, amemzaa mama yangu. Nilimkana mbele za watu, na leo namtaja mbele za watu. Msome kama alivyo."

Nikasikia sufuria likichemka jikoni. Kwa upenyo wa pazia nilimwona kaka ameinamisha kichwa, kofia yake tu ndiyo inaonekana. Nilimhurumia, nasema kweli. Nikamtazama mama yake kijana. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono na macho ameyatupa chini. Nikajisemea, posa imekwenda.

Maalim akauliza kwa upole, "Basi nimsome binti wa nani?"

"Msome kwa jina lake tu," mama akasema. "Tunayemwomba anamjua."

Maalim akalisoma jina peke yake. Akaongeza, na mama yake aliyetenganishwa naye, popote alipolala. Hilo hakuambiwa na mtu. Wanaume wakaitikia amina, nasi tukaitikia, na kutoka jikoni nikasikia amina moja ya Kilutheri iliyochelewa. Sauti ya kaka sikuweza kuibagua kati ya nyingine. Mama akarudi mahali pake, akakaa, akaanza kulia kwa sauti, bila haya, kama mtu aliyepewa habari ya msiba siku hiyo hiyo. Wanawake wawili wakamshika mabega. Nilimwacha alie.

Masinia yalipokuwa yanapangwa, mama yake kijana akainuka pale ukutani, akaja upande wetu. Mama akamwona, akajifuta haraka, akajitanda kanga vizuri. Nilijua anachojiandalia, nami nilikuwa nimeshatafuta maneno yangu, makali. Yule mwanamke akapiga goti mbele ya mama, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa aliambiwa mwalimu ni mimi, akauliza kama ile orodha imeshafungwa.

Nikamwambia maalim hajaondoka bado.

Akasogea mpaka nikahisi pumzi yake sikioni, akanitajia jina la mwanamke. "Bibi yake baba yangu," akasema. "Kwetu pia hasomwi."

Nikachukua kalamu na kipande cha karatasi. Nikaliandika lile jina, halafu, kwa mazoea yangu mabovu ya kutaka jibu likamilike, nikamuuliza, "Binti wa nani?"

Akatikisa kichwa. Nikakikunja kile kikaratasi kama kilivyo, nikampelekea maalim.